Kwa nini kibao cha juu ya barabara hupotea usiku

Tangu mabasi ya abiria yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, barabara ya TANZAM, ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na Zambia, hailali. Saa nane za usiku pale Makambako utakuta semi-trela za Tunduma zimefuatana na mabasi ya Dar es Salaam, na katikati yake gari dogo la mtu anayewahi msiba Kyela. Wote hao wanategemea vibao. Sisi tunaoshughulika na alama za barabarani tunaulizwa mara nyingi kwa nini kibao kinachosomeka vizuri mchana hugeuka bati jeusi usiku, hasa kile kilichopandishwa kwenye nguzo na kuning'inia juu ya barabara.

Jibu linaanzia kwenye taa za gari. Dimu, yaani mwanga wa chini wa taa hizo, imetengenezwa makusudi isipande juu. Kwa kawaida huinamishwa kama sentimita 1 kwa kila mita 1, hivyo taa iliyo sentimita 70 kutoka chini humulika lami mpaka mita 70 hivi mbele. Ni stahili ya anayekuja mbele yako asipofuke. Lakini kibao cha juu kiko zaidi ya mita 5 kutoka kwenye lami. Kinachokifikia ni makombo: mwanga hafifu ulioachwa upenye kwenda juu, na mwingine kidogo unaodunda kutoka barabarani. Kibao cha pembeni kushoto kina nafuu, kwa sababu dimu ya magari yetu huinuliwa kidogo upande huo. Naomba hili lisikike vizuri: gari lililoagizwa kutoka nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, kama halikubadilishiwa taa, huinua mwanga upande wa kulia. Linampofusha anayekuja, na vibao vya kushoto halivimuliki ipasavyo.

Makombo hayo ya mwanga ndiyo yanayotakiwa kutumika vizuri. Uso wa kibao hubandikwa karatasi ya reflekta, na kazi yake ni kuurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Karatasi za zamani zina shanga ndogo za kioo, nyingine ndogo kuliko chembe ya mchanga. Za kisasa zaidi zina vipembe vyenye pande tatu, mfano wa kona ya chumba mahali kuta mbili zinapokutana na sakafu. Rusha mpira kwenye kona hiyo, utarudi kwako. Vipembe vya namna hiyo ndivyo vilivyoachwa mwezini mwaka 1969 ili miale inayotumwa kutoka duniani irudi na umbali upimwe. Kwa kibao cha pembeni, karatasi ya shanga huweza kutosha. Kwa cha juu, mimi sioni sababu ya kubana matumizi: kiwekewe ya vipembe, ya daraja la juu.

Kuna jambo ambalo madereva wa malori wanalijua kwa uzoefu bila kuambiwa sababu yake. Chukua koti la reflekta la bodaboda, litundike mwisho wa korido yenye giza. Weka tochi kando ya jicho lako, mulika: linawaka kama moto. Sasa shusha tochi taratibu mpaka kiunoni huku ukiendelea kumulika palepale. Koti linafifia. Mwanga unarudi kwenye tochi, na jicho lako halipo tena hapo. Dereva wa lori amekaa juu sana ya taa zake, kwa hiyo kibao kilekile kinachomwakia mwenye gari dogo kwake ni hafifu. Wanaochagua karatasi huku wakikipima kibao kutoka kwenye gari dogo wanamsahau mtu anayetumia barabara hii kuliko wote.

Halafu kuna umande, ambao kwa nyanda zetu za juu ni adui mkubwa kuliko vumbi. Julai moja, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, tulisimama karibu na Mafinga kukikagua kibao kilicholalamikiwa na madereva. Lori liliegeshwa mita mia moja nyuma, dimu zinawaka, nami nimesimama kando ya taa zake. Kibao kilikuwa cheusi tii, nikajua karatasi yake imekufa. Mwenzangu akapanda ngazi na kitambaa kikavu, akafuta nusu ya kulia. Nusu hiyo ikawaka palepale, herufi nyeupe zimekaa sawasawa. Ya kushoto ikabaki giza. Kibao hakikuwa na ubovu wowote, kilikuwa kimelowa.

Tone la maji likikaa juu ya karatasi huupindisha mwanga kabla haujazifikia shanga, na kurudi kwake kunakwenda ovyo. Usiku wa nyota nyingi usio na upepo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa bati hupoa haraka na maji hujikusanya juu yake. Jua likipanda, saa tatu asubuhi kibao kimekauka, na mkaguzi akipita anaandika kwamba kiko salama. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba ukaguzi wa vibao uliofanyika mchana tu haujakamilika.

Ukungu nao una hesabu yake. Uyole kwenda Tukuyu, pale Isyonje na Ntokela, mwanga wa taa zako unaupenya ukungu kwenda kwenye kibao, kisha unaupenya tena kurudi kwako. Unapunguzwa mara mbili. Kibao chenye taa yake kinahitaji safari moja tu. Hapo, na kwenye makutano ambako dereva analazimika kuamua haraka, taa ina thamani yake. Isiwe kali, kwa maana weupe ukizidi herufi huvimba na kuingiliana, na kibao kinang'aa bila kusomeka. Na taa isiwe mbadala wa karatasi nzuri: umeme ukikatika, kibao kinachotegemea taa peke yake ni bati tu.

Muda wa kusoma ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Kila sentimita 1 ya kimo cha herufi humpa mwenye macho mazuri kama mita 4 za kusomea. Herufi ya sentimita 30 inasomeka kuanzia mita 120. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni sekunde 5 na ushee, na ndani yake unatakiwa usome, uamue, utazame kioo na uhame njia. Macho nayo yanazeeka. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga unaopokelewa na la kijana wa miaka 20, hata kabla ya mtoto wa jicho kuanza.

Mbeya jambo hili limekuja mlangoni, kwa upanuzi wa barabara kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Njia zikiwa mbili kila upande, lori lililo kushoto kwako linakificha kabisa kibao cha pembeni, na hapo ndipo cha juu kinapohitajika. Dereva naye ana lake: kioo cha mbele kisafishwe hata kwa ndani, taa zifutwe masizi kabla ya kupanda Kitonga, na gari likielemewa mzigo nyuma, taa zishushwe.

Ukiona kibao kilichokufa kwenye barabara kuu au ya mkoa, toa taarifa ofisi ya TANROADS (Wakala wa Barabara) ya mkoa husika, utaje nguzo ya kilomita iliyo karibu na upande uliokuwa unaelekea. Kama kuna pa kuegesha salama nje ya barabara, abiria wako akipige picha usiku kwa simu, taa ya kamera ikiwa imewashwa. Taa hiyo iko jirani kabisa na lenzi, kwa hiyo sehemu ya karatasi isiyo na ubovu itawaka kwenye picha na iliyokufa itabaki doa jeusi. Eleza pia kama kulikuwa na umande.