Je, wajua kwa nini jumla hubadilika yenyewe kwenye dirisha la programu?

Fungua programu ya mauzo kwenye kompyuta, badilisha idadi ya bidhaa kutoka 2 hadi 5, na jumla iliyo chini ya dirisha inabadilika papo hapo. Nani ameiambia?

Katika programu nyingi za zamani za Windows aliyeiambia ni mwanaprogramu mwenyewe. Kila panapobadilika kitu, aliandika mstari wa kukokotoa upya na mwingine wa kupeleka jibu kwenye skrini. Akisahau sehemu moja tu, mteja anaonyeshwa jumla ya uongo.

Novemba 2006 Microsoft ilitoa WPF (Windows Presentation Foundation), zana ya kujengea madirisha ya programu, ikiwa ndani ya .NET Framework 3.0, jukwaa lake la kuandikia programu. Humo dirisha huelezwa kwa lugha ya XAML: hapa pana kitufe, hapa pana kisanduku cha maandishi, na maandishi yake yatoke kwenye data fulani. Ila ufundi wenyewe uko chini zaidi, kwenye namna sifa za kitufe zinavyotunzwa.

Ukubwa wa herufi za kitufe katika WPF haukai mahali pamoja ukisubiri kusomwa. Unaweza kuwa na wadai kadhaa kwa wakati mmoja, na mfumo huamua nani anashinda. Uhuishaji unaoendelea hutangulia. Kisha thamani iliyowekwa moja kwa moja kwenye kitufe, kisha ile ya mtindo, kisha iliyorithiwa kutoka kwa dirisha, na mwisho thamani chaguomsingi. Ndiyo maana ukikuza herufi za dirisha zima, vilivyomo ndani vinafuata, isipokuwa vile vilivyopangiwa ukubwa wao. Kumbukumbu nayo inaokolewa: kitufe kina makumi ya sifa, lakini zisizoguswa hazihifadhiwi kwenye kila kitufe.

Muunganisho wa data, yaani ile amri ya kwamba maandishi yatoke kwenye data fulani, ni mdai kama wengine katika foleni hiyo, na huketi kwenye nafasi ya thamani iliyowekwa moja kwa moja. Ushahidi wake unauma: muunganisho ukiwa wa upande mmoja, kutoka kwenye data kwenda kwenye skrini, nawe ukaandika thamani juu yake kwa msimbo, muunganisho unafutika bila onyo.

Upande wa pili, data haijui lolote kuhusu skrini. Inatimiza mkataba mdogo uitwao INotifyPropertyChanged, yaani inatangaza jina la sifa iliyobadilika, basi. Anayesikiliza, yaani muunganisho, atajijua. Kwa hiyo hesabu za duka zinaweza kujaribiwa bila kufungua dirisha hata moja, na huo ndio msingi wa MVVM (Model-View-ViewModel), mpangilio wa kutenganisha data na skrini ambao John Gossman wa Microsoft aliueleza mwaka 2005.

Sura nayo ilitengwa na kazi. Kitufe cha WPF ni kitu kinachobonyezwa. Mengine yote, mipaka, kivuli, pembe za mviringo, yako kwenye kiolezo unachoweza kukitupa na kuweka chako. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kijasiri kuliko yote katika WPF, na pia ndilo linalowatoa jasho wanaoanza, kwa sababu kubadilisha rangi ya kitufe kinapoguswa na kipanya huweza kukulazimu kuandika kiolezo kizima upya.

Udhaifu mwingine ni wa majina. Ukikosea herufi moja katika jina la sifa ya data unapoandika muunganisho ndani ya XAML, programu inajengwa vizuri na kufunguka vizuri, ila kisanduku kinabaki kitupu. Kosa hujitokeza kwenye ujumbe wa utatuzi, ambao wengi hawausomi.

Avalonia, mradi huria ulioanza ukiitwa Perspex, ulichukua mawazo hayohayo na kuyapeleka hadi Linux na macOS. Mitindo yake huchagua vitu kwa namna inayofanana na CSS ya kurasa za wavuti, na miunganisho inaweza kukaguliwa wakati programu inajengwa, hivyo jina lililokosewa linakataliwa kabla dirisha halijafunguka.