Kuchagua cheni ya taimingi kwa injini iliyoongezewa nguvu

Swali huja gereji likiwa hivi: "Nimefunga tabo kubwa, nipatie cheni ya taimingi itakayohimili hizo nguvu." Nguvu za farasi hazipiti kwenye cheni hiyo. Zinatoka kwenye pistoni, zinaingia krenkshafti, zinaenda giaboksi. Cheni ya taimingi kazi yake ni kuzungusha kamshafti, yaani kuzibana springi za valvu, na katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mara nyingi inaendesha pia pampu ya petroli ya presha kubwa iliyokaa kwenye kam. Ukipandisha presha ya tabo kutoka bar 0.8 hadi 1.4 bila kugusa springi wala kikomo cha mizunguko, mzigo wa cheni unaongezeka kidogo tu, pale valvu za ekzosti zinapofunguka dhidi ya gesi yenye presha zaidi.

Kinachoitesa cheni ni mizunguko mingi, springi ngumu, kam zenye kilele kikali na oili chafu. Mvutano unaotokana na uzito wa cheni yenyewe ikizunguka unapanda kwa mraba wa kasi. Ukitoa kikomo mizunguko 7,000 kwa dakika ukakipeleka 8,500, mvutano huo unaongezeka kwa takriban asilimia 47. Mwenye kikomo cha kiwandani na springi za kiwandani hahitaji cheni ya mashindano. Anahitaji cheni mpya halisi, tenshena mpya (kifaa kinachoikaza cheni) na reli mpya (njia za plastiki ambazo cheni inateleza juu yake), hela inayobaki aiweke kwenye oili.

Kwanza hakikisha injini yako ina cheni. Kuna watu wanazunguka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, wakiulizia cheni ya 1JZ. Altezza, iwe ya injini ya 3S-GE au ya 1G-FE, ina mkanda wa mpira badala ya cheni. 1JZ na 2JZ ni mkanda, RB ya Skyline ni mkanda, EJ20 ya Subaru ni mkanda, 4G63 ya Evo za zamani ni mkanda. Cheni utaikuta kwenye SR20, kwenye VQ35 ya Fairlady Z, kwenye 4GR, 3GR na 2GR za Mark X na Crown Athlete, kwenye 4B11 ya Evo X, kwenye FA20 ya Forester XT, na kwenye K20 na K24 za Honda.

Cheni haivutiki kama mpira. Chuma cha sahani zake kinabaki na urefu ule ule. Kinacholika ni pini za viungo na bushi (vibomba vinavyozizunguka), kila kiungo kinapata uwazi mdogo, na ukijumlisha viungo vyote cheni inakuwa ndefu. Tuchukue mfano wa gia ya kam yenye meno 42 na cheni ya pichi (umbali kutoka pini hadi pini) ya mm 8. Mzingo wake ni mm 336. Kama upande unaovuta una urefu wa mm 400 na umeongezeka kwa asilimia 0.5, hiyo ni mm 2, na kam imebaki nyuma nyuzi 2.1 za mzunguko. Kwa krenki, inayozunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa kam, hizo ni nyuzi 4.3. Tenshena haiwezi kurekebisha hilo, kwa sababu yenyewe inasukuma upande uliolegea. Kompyuta ya gari itaziba pengo kwa VVT (mfumo wa kusogeza kam kwa oili) hadi itakaposhindwa, halafu utaona msimbo wa hitilafu P0016 au ndugu zake P0017, P0018 na P0019, maana yake krenki na kam hazikubaliani.

Kupima, ilaze cheni mezani, ivute kwa mizani ya springi kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, kisha tumia venia, kile kipimo cha taya. Hapa mafundi wengi hukosea hesabu. Ukipima pini 16 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, una nafasi 15, si 16, na umejumlisha pia unene wa pini moja. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa pini ya 21: nafasi 20, ambazo kwa pichi ya mm 8 ni mm 160 kamili. Asilimia 0.5 hapo ni mm 0.8. Rudia sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Vitabu vina vikomo vyake. Mimi kwa injini ya kukimbizwa siirudishi cheni iliyofika asilimia 0.5, hata kama kitabu kinairuhusu.

Sasa kuchagua. Kuna cheni za rola, za bushi tupu, na zile za kimya ambazo sahani zake zina meno. Haziingiliani. Pichi inaweza kuwa mm 8 kwa zote, lakini meno ya gia yamekatwa kwa aina moja tu. Wengi wanatamani cheni ya safu mbili kwa kuwa inaonekana nene. Ina nguvu zaidi kweli, lakini uzito wake unakaribia mara mbili, na ule mvutano wa mizunguko nao unapanda kwa kiasi hicho hicho. Inadai gia zake, reli zake na nafasi ndani ya kava la taimingi. Kwa injini iliyozaliwa na safu moja, ningeacha.

Ninachoangalia kwenye cheni iliyoboreshwa ni pini. Pini zilizotiwa tabaka gumu la kromu au kupitishwa kwenye naitraidi (kukomazwa uso kwa nitrojeni) zinalika taratibu sana kuliko za kawaida, na kulika ndiko kunakoua cheni nyingi, si kukatika. La pili ni sahani zilizopigwa kwa vipira vidogo vya chuma ili zisipate nyufa za uchovu. La tatu, cheni iwe imevutwa kiwandani baada ya kuunganishwa, vinginevyo itarefuka haraka mwanzoni. Na iwe imefungwa mzima. Kiungo cha klipu kama cha pikipiki hakina kazi ndani ya injini inayokwenda mizunguko 8,000. Tsubaki wa Japani na iwis wa Ujerumani wanatengenezea viwanda vya magari moja kwa moja, kwa hiyo cheni yao ndani ya boksi la kawaida mara nyingi ndiyo ile ile iliyotoka na gari.

Boksi si ushahidi. Itoe cheni dukani, tafuta chapa iliyogongwa kwenye sahani, pima nafasi 20 kabla ya kulipa, kisha ishike kwa ubavu uone inavyopinda. Ikipinda sana ingali mpya, au viungo vingine vikiwa vigumu na vingine vilegevu, irudishe. Cheni ya mtumba kutoka injini ya nusu, yaani ya gari lililokatwa, sijui kwa nini watu wanainunua.

Tenshena ndiyo sehemu ninayoigombania kuliko cheni. Ile ya oili ina pistoni ndogo, valvu ya kuzuia oili isirudi, na kwa nyingi, meno ya kuizuia isirudi nyuma. Injini ikizimwa usiku oili inavuja, asubuhi unasikia mchakacho wa sekunde moja au mbili. Meno yakiwa yamelika, cheni inaruka jino na valvu zinakutana na pistoni. Tenshena za bolti zinazokazwa kwa mkono zinauzwa kama dawa ya tatizo hilo. Siziweki kwenye gari la barabarani. Bloku ya alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma cha cheni: kwa umbali wa mm 400, kutoka nyuzi joto 30 za asubuhi ya Dar hadi nyuzi joto 110, tofauti ni kama mm 0.35. Ukiikaza vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inakaba na kula reli. Ukiilegeza kwa ajili ya moto, asubuhi inapiga kelele.

Hedi (kichwa cha injini) ikichongwa, kam inasogea karibu na krenki. Mm 0.5 iliyochongwa inairudisha kam nyuma kwa nyuzi 1 hivi za krenki kwenye mfano wetu, na tenshena inabidi itoke zaidi. Gia za kam zinazorekebishika zinatibu hilo la kam kurudi nyuma.

Wakati wa kufunga, badilisha gia pamoja na cheni kama meno yameanza kupinda kama ndoana. Linganisha viungo vya rangi na alama za gia, ndipo uchomoe pini inayoifunga tenshena. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande wa injini inakozungukia tu. Viungo vya rangi havitarudi kwenye alama, usihangaike. Kinachotakiwa kurudi ni alama za gia. Kwenye Mazda za MZR gia ya krenki haina ufunguo (kipande cha chuma cha kuifunga kwenye shafti), imeshikwa na mkazo wa bolti pekee, kwa hiyo bolti ni mpya kila mara na toki (nguvu ya kukaza) ni ya kitabu. Silikoni ya kava iwe uzi mwembamba wa mm 3 hadi 4. Inayofurika ndani inaishia kwenye chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini), na tenshena inakosa oili.

Oili iwe na alama ya ubora ya API SP. Kiwango hicho cha mwaka 2020 kimeweka kipimo cha kulika kwa cheni, na kimekuja kwa sababu masizi ya injini za kupuliza petroli ndani ya silinda yanafanya kazi ya msasa kwenye pini. Oili nzito ya 20W-50 kwa kila gari ni mazoea mabaya: njia za oili za VVT na tenshena zimetobolewa kwa unene fulani. Gari linalokaa foleni ya Ubungo kila jioni linahesabu kilomita chache na saa nyingi, kwa hiyo kilomita 5,000 kwangu ni mwisho wa oili.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoa fyuzi ya petroli, piga stata hadi taa ya oili izime. Badilisha oili baada ya kilomita 1,000 na upasue filta. Vumbi laini la chuma ni kawaida. Vipande vya plastiki ni reli inayoliwa, na hapo kava linafunguliwa tena kabla gari halijatoka gereji.