Pointi 215 za Gretzky si msimu bora kuliko yote

Kila ninapoandika kuhusu rekodi za hoki ya barafuni, naulizwa swali lile lile: kuna msimu wowote uliowahi kuupita ule wa Wayne Gretzky wa 1985-86? Alipata pointi 215 katika mechi 80. Rekodi hiyo ya NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, inasimama mpaka leo, na mbali na Gretzky mwenyewe hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha pointi 200. Mimi nasema msimu wa kuupita upo, tena zaidi ya mmoja, na mmojawapo ni wa Gretzky huyo huyo.

Kuchambua takwimu za mchezo huu ndiyo kazi yangu, na jumla ya pointi za msimu ndiyo takwimu inayopotosha watu kuliko zote. Waliojifunzia hoki kwenye barafu ya Panari pale Nairobi wanajua pointi zinavyohesabiwa, ila kwa walio wageni: bao ni pointi moja, na pasi iliyozaa bao ni pointi moja pia. Kinachowapa shida wengi waliozoea soka ni kwamba bao moja linaweza kuwapa pointi ya pasi wachezaji wawili, aliyempa mfungaji kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) na aliyetoa pasi kabla yake. Kwa hiyo bao moja linaweza kuzaa pointi tatu. Mabao yakiwa mengi kwenye ligi, pointi nazo zinamwagika.

Na miaka ya 1980 yalikuwa mengi kweli. Katika msimu wa 1981-82 kila timu ilifunga wastani wa mabao manne kwa mechi. Ligi ilikuwa imepokea timu nne mwaka 1979 baada ya ligi pinzani, WHA, kuvunjika, Edmonton Oilers ya Gretzky ikiwa mojawapo. Makipa walivaa pedi ndogo na wengi wao walisimama wima wakisubiri shuti; kati ya mashuti 100 waliokoa 87 hivi. Leo kipa wa kawaida anaokoa karibu 90 au zaidi, anapiga magoti kufunga sehemu ya chini ya goli, na vifaa vyake ni vikubwa. Kwa hiyo kulinganisha pointi za 1985 na za leo kwa kuzihesabu tu ni sawa na kulinganisha mshahara wa 1985 na wa leo kwa kuhesabu shilingi. Kwanza ujue shilingi ilinunua nini.

Jambo hili lina upande wake wa pili. Mwaka 1928-29 kipa George Hainsworth wa Montreal Canadiens alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa hata bao moja. Alikuwa kipa hodari, lakini wakati huo kupiga pasi ya mbele katika eneo la ushambuliaji kulikatazwa. Msimu uliofuata sheria ikabadilishwa, mabao yakafumuka, na rekodi yake haijaguswa tangu hapo. Namheshimu, ila simuweki kwenye orodha ya juu kabisa.

Basi kipimo changu cha kwanza ni chepesi. Chukua pointi za mchezaji, gawanya kwa mechi alizocheza, kisha gawanya kwa wastani wa mabao ambayo timu moja ilifunga kwa mechi mwaka ule. Unapata picha ya ukubwa wa mchango wa mtu mmoja ukilinganishwa na mabao ya timu nzima ya kawaida. Gretzky wa 1985-86 anapata takriban 0.68. Connor McDavid wa 2022-23, aliyepata pointi 153 na kumwacha mwenzake wa Edmonton Leon Draisaitl nyuma kwa pointi 25, anapata 0.59 hivi. Huo wa McDavid ni msimu mkubwa mno kwa zama hizi. Lakini juu kuna watu.

Tuanze na Gretzky. Msimu wake unaosimuliwa zaidi ni wa 1981-82, na sababu iko wazi. Tangu Maurice Richard afunge mabao 50 katika mechi 50 mwaka 1944-45, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mfungaji wa kweli, na ilipita miaka 36 kabla ya Mike Bossy kuifikia. Gretzky alifika mechi ya 39 ya Oilers akiwa na mabao 45, manne kati ya hayo ameyafunga mechi iliyotangulia. Jioni ya tarehe 30 Desemba 1981 akaifunga Philadelphia Flyers matano, la mwisho likiingia kwenye goli tupu baada ya kipa kutolewa ili aongezwe mshambuliaji. Mabao hamsini, mechi thelathini na tisa, na alikuwa na umri wa miaka 20. Mwezi Februari, akiwa Buffalo, akaivuka rekodi ya mabao 76 ya msimu mmoja ya Phil Esposito, huku Esposito mwenyewe akiwa uwanjani kushuhudia. Alimaliza na mabao 92 na pasi 120.

Mimi lakini namchukua Gretzky wa 1983-84. Jumla yake ni 205, ndogo kuliko ile ya 1981-82 na ile ya 1985-86, ndiyo maana watu wanaupita msimu huo bila kuuangalia. Alicheza mechi 74 tu kwa sababu ya kuumia bega. Kabla ya hapo alikuwa amepata angalau pointi moja katika kila mechi ya mechi 51 za mwanzo wa msimu, na katika mechi hizo 51 alikusanya pointi 153. Rudi juu kidogo uangalie: ni zile zile ambazo McDavid alizipata kwa mechi 82, akawa gumzo la ligi nzima. Wa pili kwenye orodha mwaka ule alikuwa Paul Coffey, beki wa Oilers, mwenye pointi 126. Pengo la pointi 79 kati ya wa kwanza na wa pili! Kwa kipimo changu msimu huo unapata 0.70, na unaupita ule wa pointi 215 bila ubishi.

Sasa nije kwa Mario Lemieux, maana hapo ndipo moyo wangu na hesabu zangu vinapokubaliana.

Wengi wanamtajia 1988-89, msimu wa pointi 199, na ule usiku wa mkesha wa mwaka mpya alipowafunga New Jersey Devils mabao matano kwa njia tano tofauti: timu zikiwa sawa, timu yake ikiwa na mtu zaidi, ikiwa pungufu, kwa penalti, na kwenye goli tupu. Ni msimu wa kutisha. Lakini wa 1992-93 ni wa daraja lake peke yake.

Lemieux alikuwa nahodha wa Pittsburgh Penguins waliobeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara mbili mfululizo. Mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa miaka, na alishafanyiwa upasuaji. Hata hivyo alianza msimu huo kwa kasi ya ajabu: mechi 40, pointi 104. Kisha Januari 1993 ikatangazwa kwamba ana saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin. Alikuwa na miaka 27. Akaacha kucheza, akaanza tiba ya mionzi. Wakati huo Pat LaFontaine wa Buffalo Sabres alikuwa kwenye msimu bora wa maisha yake, akampita na kuendelea kupaa.

Tarehe 2 Machi asubuhi Lemieux alipata mionzi yake ya mwisho. Siku hiyo hiyo akapanda ndege kwenda Philadelphia, jioni akaingia uwanjani, akafunga bao moja na kutoa pasi ya bao jingine. Penguins walifungwa 5-4. Mashabiki wa Flyers, watu wasio na historia ya huruma kwa mgeni yeyote, hasa anayetoka Pittsburgh, walisimama wote wakampigia makofi.

Alikuwa nyuma ya LaFontaine kwa pointi 12. Alimaliza mbele yake kwa pointi 12, yaani 160 dhidi ya 148. Mechi 20 za baada ya mionzi zilimpa mabao 30 na pasi 26. Ukizigawanya, utaona alikuwa akipata pointi 2.6 kwa mechi kabla ya kuugua, na 2.8 baada ya kupona. Tangu tarehe 9 Machi Penguins walishinda mechi 17 mfululizo, na rekodi hiyo ya NHL bado ipo. Ushindi wa 16 ulipatikana New York dhidi ya Rangers, mabao 10-4, matano yakiwa ya Lemieux. Kipimo changu kinampa 0.73 kwa msimu mzima. Hakuna mshambuliaji wa zama za kisasa aliye juu yake.

Kuna pingamizi moja zito ambalo sitaki kulificha. Mwaka ule ligi ilikuwa imeongeza timu tatu katika misimu miwili, na mbili kati yake zilikuwa dhaifu kupita kiasi: San Jose Sharks walipoteza mechi 71, Ottawa Senators 70. Nyota karibu wote walineemeka. Wachezaji 21 walifikisha pointi 100, na Teemu Selänne wa Winnipeg Jets, akiwa katika msimu wake wa kwanza kabisa kwenye ligi, alifunga mabao 76. Wastani wa ligi hauonyeshi neema hiyo vizuri, kwa sababu iliwaendea zaidi wale waliokuwa juu. Ukiacha wastani ukalinganisha mchezaji na wapinzani wake wa karibu kwa pointi za kila mechi, Gretzky wa 1983-84 anamzidi Lemieux wa 1992-93 kidogo. Kidogo sana, lakini anamzidi.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu na bado namchagua Lemieux. Gretzky alikuwa mzima kwa sehemu kubwa ya msimu wake na alizungukwa na kikosi kilichotwaa Kombe la Stanley mwaka ule. Lemieux naye alikuwa na wenzake wazuri, akiwemo Jaromír Jágr kijana. Lakini mwenye kutoka kwenye mionzi, mgongo ukimuuma, kisha akacheza vizuri zaidi kuliko alipokuwa mzima, amefanya jambo ambalo mchezo huu haujaliona tena.

Hayo ni ya washambuliaji. Ukitaka kunihoji kuhusu hoki yote, lazima tumtaje Bobby Orr, beki wa Boston Bruins. Mwaka 1969-70 aliongoza ligi kwa pointi, beki wa kwanza kufanya hivyo, na akabeba tuzo nne kubwa katika msimu mmoja: ya beki bora, ya mfungaji wa pointi nyingi, ya mchezaji bora wa ligi na ya mchezaji bora wa mtoano. Msimu uliofuata alipata pointi 139. Hakuna beki mwingine kwenye ligi aliyefika hata nusu ya hizo.

Namba yake ninayoipenda zaidi ni nyingine: chanya 124. Kila mara timu ikifunga bao bila ya kunufaika na mpinzani kuwa pungufu kwa sababu ya adhabu, wachezaji wake waliopo uwanjani wanaongezewa moja. Ikifungwa, wanapunguziwa moja. Orr alimaliza 1970-71 akiwa na 124 juu ya sifuri, na hakuna aliyemfikia. Ni kweli Boston walikuwa na Esposito na walifunga mabao 399, na ni kweli ligi ilikuwa imetoka timu sita hadi kumi na nne ndani ya miaka michache, kwa hiyo vibonde walikuwepo. Hata hivyo wenzake wote walicheza na vibonde hao hao. Orr alichukua kisahani nyuma ya goli lake, akateleza nacho uwanja mzima, na aliwahi kurudi kulinda. Kabla yake beki alikuwa mtu wa kubaki nyuma.

Mwisho ni kipa, maana makipa husahaulika katika mijadala hii. Dominik Hašek wa Buffalo, 1997-98. Mabao yalikuwa yameadimika wakati huo, na makipa wa kawaida walikuwa wakiokoa karibu mashuti 91 kati ya 100. Hašek alipigiwa mashuti 2,149 akafungwa 147. Kipa wa wastani angefungwa zaidi ya 200 kwa mashuti hayo hayo. Mechi 13 hakufungwa kabisa. Alijirusha, akalala chali, akaliacha gongo lianguke ili adake kwa mkono, na mafundi wa ukipa walishindwa kumweka kwenye mtindo wowote. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mwaka wa pili mfululizo, na mpaka sasa ndiye kipa pekee mwenye tuzo hiyo mara mbili.

Katikati ya msimu huo akaenda Nagano, Japani, kwenye Olimpiki. Katika nusu fainali Kanada walimpelekea wapiga penalti watano, akawazuia wote watano. Fainali Jamhuri ya Cheki wakaifunga Urusi 1-0, na dhahabu ikaenda Prague. Ukiongeza siku hizo za Februari juu ya mashuti aliyookoa Buffalo, namweka Hašek wa pili, nyuma ya Lemieux na mbele ya Gretzky wa 1983-84. Orr ni wa nne kwangu, na najua Boston hawatanielewa.