Rangi iliyozikwa chini ya Ziwa Tanganyika: yanayosemwa na yaliyopo

"Jani likianguka majini, wiki moja limeoza. Rangi ya miaka elfu itatoka wapi, mwanangu?" Mzee mmoja alinikata hivyo mwaloni Kibirizi, Kigoma, nilipomwambia kwamba tope la chini ya ziwa huhifadhi rangi ya mwani (vimea vidogo vya majini) wa zamani, na waliokuwa wakianua dagaa wakacheka.

Kwa maji ya ufukweni mzee yuko sahihi. Rangi ya mwani huharibiwa na mwanga, oksijeni na wadudu. Hata kisamvu, ukikianika juani kinapauka. Kivulini kinabaki na ukijani wake. Ila ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470 hivi, na kuanzia kama mita 100 au 200 kwenda chini halina oksijeni, maana maji ya juu yenye joto huelea tu juu ya yale ya chini. Huko ni giza, na hakuna konokono wala mnyoo wa kufukua tope. Kinachotua kinafunikwa, tabaka juu ya tabaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya rangi huharibika kabla ya kufika chini. Klorofili, rangi ya kijani, hupoteza magnesiamu yake ikageuka feofitini, ya kahawia; baadhi ya karotenoidi, rangi za njano na chungwa, ni sugu zaidi.

Wengine hudhani mwani wote ni kijani, kama ukoga wa mtungini. Sivyo. Kila kundi la mwani lina karotenoidi zake: aloksanthini huachwa na kundi la kriptofiti, diatoksanthini hasa na diatomu, zeaksanthini mara nyingi na sianobakteria. Maabara ikizitenganisha rangi hizo kwenye kila tabaka la tope, inajua nani alistawi lini.

Eti maji maangavu hayana mwani? Dagaa wangekula nini! Wanakula vijidudu vinavyoishi kwa mwani huo.

Hoja inayowasha moto mwaloni ni kwamba dagaa wamemalizwa na nyavu tu. Nyavu zina lawama yake, sikatai. Lakini mwaka 2003 watafiti waliopima kaboni ya tope (kaboni, si rangi) walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Ziwa likipata joto, maji huchanganyika kidogo na rutuba hubaki chini. Utafiti wa 2016 ukaonyesha mabaki ya samaki topeni yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara.

Na usidhani tope likishavutwa juu limesalimika. Bomba lililolichota hufunikwa lisipigwe na mwanga, likawekwa kwenye baridi haraka, la sivyo jua la Kigoma linaanza kuipausha rangi palepale botini.