Kula usiku na kupungua uzito: maswali ya watu wanaofika nyumbani saa tatu

Kuna sheria moja inazunguka sana mjini: ukitaka kupungua, usile kitu baada ya saa kumi na mbili jioni. Aliyeitunga bila shaka hakai Mbagala. Saa kumi na mbili jioni nusu ya Dar es Salaam iko kwenye foleni, wengine wameng'ang'ania bomba la daladala, wengine wanasukumana kituo cha mwendokasi Gerezani. Maswali yaliyopo hapa ni ya watu ninaokaa nao kuzungumza habari za lishe, na nimeyaacha karibu na walivyouliza.

Ni kweli chakula cha usiku kinageuka mafuta moja kwa moja?

Hapana. Mwili hauna geti linalofungwa jioni. Ukiwa umelala moyo unapiga, ubongo na ini vinachapa kazi, na vyote vinatumia kalori. Mafuta yanajazana pale ambapo siku baada ya siku unaingiza kuliko unavyotumia.

Mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 30 wenye uzito mkubwa. Kila mmoja alipitia mipango miwili, wiki nne kila mpango. Katika mmoja alikula asilimia 45 ya kalori zake asubuhi na 20 jioni. Katika wa pili mambo yakageuzwa, jioni ndiyo ikabeba 45. Chakula walipewa, jumla ya kalori ilikuwa ileile. Uzito ulipungua kilo 3 na kidogo kwa mipango yote miwili. Tofauti ilijitokeza kwenye njaa: walipokula vizuri asubuhi, njaa haikuwasumbua sana. Hilo la njaa liweke akilini.

Basi muda hauna maana kabisa?

Unayo, ila si ile inayohubiriwa. Jioni mwili unaishughulikia sukari kwa uvivu kuliko asubuhi. Insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli, inakuwa imepungua makali, na melatonini, homoni inayopanda giza likiingia, nayo inapunguza insulini inayotolewa. Sahani ileile ya wali itapandisha sukari ya damu zaidi saa nne usiku kuliko saa mbili asubuhi. Kwa mwenye kisukari hilo si jambo dogo.

Huko Boston, Marekani, mwaka huohuo wa 2022, watafiti walichapisha jaribio la watu 16 wenye uzito mkubwa. Waliwapa milo ileile kwa ratiba mbili, moja ikiwa imesogezwa mbele kwa takriban saa nne. Waliokula kwa kuchelewa walitumia pungufu ya kalori 60 hivi kwa siku. Sitini ni nusu ya kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia, yaani kitu ambacho mpishi anamwaga bila kukiona. Lakini leptini, homoni inayouambia mwili umetosheka, ilishuka, na njaa ikapanda. Kule maabara mtu akisikia njaa hana pa kwenda. Huku kwetu akitoka mlangoni tu anakutana na moshi wa mishkaki.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi, wa Hispania, uliotoka 2013. Watu 420 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walifuatiliwa kwa wiki 20. Waliokula mlo wao mkubwa baada ya saa tisa alasiri walipungua kidogo kuliko waliokula mapema, ingawa kalori walizoripoti zilikaribiana. Naupenda kwa sababu ule si mlo wa usiku. Ni wa mchana.

Dada, mimi nina meza ya nguo Kariakoo. Nafunga saa moja, Chanika nafika saa tatu na nusu. Nile saa ngapi sasa?

Nilimwomba anitajie alichokula siku ile. Alfajiri chai ya rangi na andazi moja. Mchana wateja walikuwa wengi, akapitisha. Saa kumi soda na biskuti. Saa mbili usiku, pale anapobadilisha gari Gongo la Mboto, akanunua zege, yaani chipsi mayai.

Simlaumu. Siku moja simama mbele ya banda la chipsi uangalie mikono ya kijana anayekaanga. Chipsi zilishakaangwa tangu alasiri, zimelala kwenye kabati la kioo chini ya taa. Anamwaga mafuta kwenye kikaango kutoka kwenye kopo lisilo na kipimo, anatupia chipsi, anapiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki na kuyamwaga juu. Anageuza kwa kufunika sahani. Halafu, kabla ya kurudisha jikoni, anazungushia mafuta mengine pembeni ili isigande. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Kwa hesabu yangu ya vidole, zege la kawaida halipungui kalori 700, na soda hujaigusa. Chupa ndogo ya soda ina sukari ya vijiko vya chai vinane hivi.

Na nyumbani Chanika amewekewa wali na maharage ndani ya hotpoti. Anakula, kwa sababu mwanawe kapika na anamsubiri. Kwa hiyo ana milo miwili ya usiku, na mchana hana hata mmoja.

Ndiyo maana sikumwambia habari ya saa ngapi usiku. Tatizo lake la saa mbili usiku linaanzia saa saba mchana. Tulikubaliana aagize kwa mama lishe ugali, mboga za majani na maharage au samaki, ale amekaa, hata kama ni dakika kumi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza yake. Kabla ya kufunga, saa kumi na moja hivi, ale kitu cha kumvusha: yai la kuchemsha na kachumbari kwa yule kijana mwenye trei, au ndizi mbivu, au karanga za kujaa kiganja. Kiganja, si kopo. Karanga ni chakula kizuri lakini zina mafuta mengi, na mtu aliyekwama kwenye foleni ya Tazara anaweza kumaliza pakiti tatu bila kujijua.

Kisha Gongo la Mboto apite. Nyumbani ale chakula cha nyumbani, nusu ya alichozoea, mboga zaidi ya wali. Mchana sasa anakula siku nne kati ya sita. Zege bado analila Jumamosi, na mimi sina neno.

Nikikataa chakula cha usiku mume wangu anasema nimesusa.

Na kwa mila zetu hajakosea. Mtu asiyekula na wenzake ana lake jambo. Kaa nao. Ila pakua kwenye sahani yako. Sinia ni tamu kwa mazungumzo lakini haina hesabu, tonge zinafuatana na hujui umekula ngapi. Anza na mboga na kitoweo, wali au ugali ufuate, na sufuria iondoke mezani mkishapakua. Wanaokula huku wanatazama tamthilia nao wajue: jicho likiwa kwenye skrini, tumbo halisikilizwi.

Nikila usiku, asubuhi mizani inaonyesha nimeongezeka kilo nzima.

Hicho ni chakula ambacho hakijatoka, pamoja na maji yaliyoshikwa na chumvi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi. Hukula hizo jana. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka chooni.

Nikiacha kabisa kula usiku?

Wengi wanaofanya hivyo wanapungua, kwa sababu wamepunguza chakula. Guangzhou, China, watu 139 wenye unene walifuatiliwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori, lakini kundi moja likaruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Mwisho wa mwaka wote walikuwa wamepungua, na tofauti baina ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba saa ndizo zilizofanya kazi. Kama kufunga mdomo mapema ni rahisi kwako kuliko kupima sahani, fanya. Kama unalala unaota pilau na kuamka saa saba usiku kufunua masufuria, acha.

Ila wapo wasiopaswa kujaribu bila kuongea na daktari. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamaidi, akiruka mlo wa usiku sukari inaweza kushuka akiwa usingizini: jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Mjamzito na anayenyonyesha nao wale. Mwenye vidonda vya tumbo anajua mwenyewe njaa inavyomfanya.

Mwezi wa Ramadhani tunakula usiku tu. Mbona wengine wanapungua na wengine wananenepa?

Kwa sababu futari hazifanani. Kuna nyumba wanafungulia tende na uji, wanaswali, kisha wanakula mara moja na kulala wakisubiri daku. Kuna nyumba mezani pana mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa na jagi la juisi, na saa nne usiku pilau inaingia. Saa ni zilezile kwa nyumba zote mbili. Wanaopungua mara nyingi hurudisha uzito wao baada ya Idi, wala hilo lisiwaumize. Mfungo haukuwekwa kwa ajili ya mizani.

Niache saa ngapi kati ya kula na kulala?

Mbili hadi tatu, zaidi kwa ajili ya kiungulia na usingizi kuliko kitambi. Usingizi mbovu nao unanenepesha kwa njia ya kuzunguka: asiyelala vizuri kesho yake njaa inamwandama, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta. Mtu wa Chanika hana hizo saa tatu, anaamka saa kumi alfajiri. Bora ale kidogo alale mapema kuliko kukesha akisubiri chakula kishuke.

Mimi ni mlinzi, nakesha getini Mikocheni. Usiku ndio mchana wangu.

Mzee wangu, wewe kula mlo mkubwa kabla ya kuingia lindo, jioni. Usiku beba kitu chepesi, maji, na chai isiyo na sukari nyingi. Kati ya saa sita usiku na alfajiri mwili hupokea sukari vibaya hata kwa aliyezoea kukesha. Asubuhi ukitoka, unywe kikombe cha uji ndipo ulale. Ile supu na chapati mbili za kwenye kona kabla ya kitanda zihamishie siku ya mapumziko.

Na bia?

Huyu aliuliza wenzake walipokwisha kuondoka. Chupa ya nusu lita ina kalori kama 200, lakini bia haitembei peke yake. Nilimuuliza huwa anaagiza nini cha kusindikizia. Akacheka, akasema, "Dada, hapo sasa umeingilia mambo ya kitimoto."