Kujikaza Si Ustoiki

Dhana: Mstoiki hana hisia

Ustoiki ni falsafa ya kale ya Wagiriki na Warumi, inayotaka utofautishe kilicho mikononi mwako na kisichokuwamo; Mstoiki ni anayeifuata. Kati ya dhana potofu kuihusu, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Watu, hasa wanaume waliolelewa kwa "jikaze, mwanamume halii", hutazama video mbili tatu kuhusu Marcus Aurelius, kaisari wa Roma aliyekuwa Mstoiki, kisha wanakuja kwenye ushauri nasaha wakiwa hawasemi tena na mke wala watoto, na ukimya huo wanauita falsafa. Ni kujikaza kulekule walikofundishwa utotoni.

Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia safari ya baharini kuelekea Brundisium, bandari ya Italia. Dhoruba ilipochacha, mwanafalsafa wa Kistoiki aliyekuwamo chomboni alisawijika uso kama abiria wengine. Bahari ilipotulia akaulizwa, naye akatoa kitabu cha mafunzo ya Epictetus, mwalimu wa Ustoiki: mshtuko wa kwanza humpata hata mwenye hekima, kwa sababu haungoji ruhusa ya akili. Kilicho mikononi mwako ni kinachofuata, yaani kukubali au kukataa kwamba jambo hilo kweli ni baya kama lilivyokujia. Seneca naye, Mstoiki wa Roma, akimwandikia rafiki yake Lucilius aliyefiwa na rafiki, hakumkataza kulia. Alitaka macho yasiwe makavu, wala yasifurike.

Kwa hiyo bosi akikutumia ujumbe "njoo ofisini" na moyo ukalipuka paa, hujafeli chochote. Kazi inaanza pale unapojiambia "nimeshafukuzwa". Marcus alijiandikia: umeambiwa fulani anakusema vibaya, hilo umeambiwa. Kwamba umedhurika, hujaambiwa. Ndiyo maana kila mteja namwambia, na sitaacha kumwambia, achukue karatasi (si simu) aandike upande mmoja kilichotokea, upande wa pili alichokiongeza mwenyewe. Upande wa pili ndio hujaa haraka.

Dhana: kuwazia mabaya ni uchuro

Seneca alishauri tuyapitie mabaya kichwani mapema ili yasitukute hatujajiandaa. Dakika chache zinatosha, kisha unaendelea na shughuli zako. Ukikesha unayawazia, huo ni wasiwasi. Acha zoezi, tuzungumze.

Dhana: haya ni mambo ya wanaume

Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, alifundisha kwamba wanawake nao wasome falsafa. Imeisha hiyo.

Dhana: Mstoiki hukubali kila kitu

Kaisari Vespasian alimtumia Helvidius Priscus, Mstoiki na mjumbe wa Seneti (baraza la Roma), ujumbe asiende barazani. Akajibu kwamba maadamu yeye ni mjumbe, lazima aingie. Baadaye aliuawa, na Epictetus alimtaja darasani kama mfano wa kuigwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anayepigwa nyumbani ameambiwa "kubali, huwezi kudhibiti tabia ya mwenzako", napandwa na hasira. Tabia ya mpigaji kweli haimo katika uwezo wa anayepigwa. Kumwambia ndugu anayemwamini, kutafuta mahali salama na kwenda dawati la jinsia polisi yamo, na hapo ndipo tunapoanzia.