Choo Cheusi cha Mgonjwa Mahututi: Usikifue, Tuonyeshe

Mimi ni muuguzi wa wodini, huku magharibi mwa Uganda upande wa Kasese, ambako ndugu wa wagonjwa hutuita kwa Kikonzo, Kitooro na Kiswahili. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki kando ya kitanda, na mara nyingi naulizwa nikiwa tayari nimechelewa kujibu.

Vidonda vya tumbo vya mgonjwa mahututi ni vipi?

Ni michubuko na vidonda vinavyojitokeza ghafla kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula na wa duodeni, kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Mtu akizidiwa sana, mwili hupeleka damu kwanza kwenye moyo na ubongo, na tumbo linapunjwa. Ute unaolilinda unapungua, kisha asidi inayosaga chakula inaanza kuula ukuta wenyewe. Michubuko ya kwanza yaweza kuanza ndani ya siku moja.

Si ndiyo hizo alsa za mawazo?

Hapana. Madaktari huviita vidonda vya stresi, na jina hilo limewapoteza wengi. Stresi inayosemwa hapa ni kipigo alichopata mwili. Madeni na ugomvi wa nyumbani havimo. Wala si vile vidonda vya miaka ambavyo watu huvitafunia magnesiamu. Hivyo vingi vinatokana na bakteria wa H. pylori na dawa za maumivu.

Nani yuko hatarini?

Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili. Daktari Mwingereza Thomas Curling aliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1842. Aliyeumia ubongo, na kwetu huyo mara nyingi ni kijana wa bodaboda asiyevaa helmeti. Mwenye maambukizi yaliyoenea kwenye damu, aliyeshuka presha kwa kupoteza damu nyingi, aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa. Wanaotutia hofu zaidi ni wawili: anayepumua kwa mashine zaidi ya saa 48, na yule ambaye damu yake haigandi vizuri.

Nitajuaje kwamba vidonda vinavuja damu?

Kwa kuangalia kinachotoka. Akitapika, utaona damu yenyewe au kitu cha kahawia iliyokolea chenye punje punje, kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe. Akienda choo, ni cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya kuliko kawaida. Ni damu iliyosagwa njiani. Damu ya kama nusu kikombe cha chai inatosha kukigeuza rangi.

Asubuhi moja kabla hakujapambazuka nilimkuta mama kwenye mfereji nyuma ya wodi, ameinama kwenye karai anafua shuka. Maji yalikuwa meusi, na pale yalipomwagika kwenye saruji ukingo wake ulikuwa mwekundu. Mumewe alikuwa ameanguka na pikipiki siku nne kabla, hajazinduka. Nikamuuliza, "Mama, hii ni mara ya ngapi?" Akanijibu kwa upole, "Ya tatu, Sista. Nilitaka umkute msafi." Nilipomfikia mgonjwa, viganja vilikuwa vya baridi na weupe, mapigo ya moyo yamepita 130 kwa dakika. Tangu usiku wa manane alikuwa anavuja damu, na mkewe alikuwa anaifua kwa sabuni.

Simlaumu. Alifanya alichofunzwa, kumsitiri mumewe. Lakini nakuomba wewe unayesoma: usifue kabla sijaona. Usimwage. Nifunulie hilo shuka, nionyeshe hilo beseni, hata kama unaona haya.

Haumwi tumbo. Si tungoje tuone?

Msingoje. Vidonda hivi mara nyingi haviumi, na mgonjwa asiye na fahamu hata vikimuuma hatasema. Dalili ya kwanza huwa damu yenyewe. Anayesubiri maumivu anasubiri kitu ambacho huenda kisije kabisa.

Labda ni zile dawa za kuongeza damu?

Ni kweli, vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi au kijani kibichi kilichokolea. Ila kwa kawaida hakinati kama lami wala hakitoi harufu ile. Na hata hivyo, kwa mgonjwa mahututi, si kazi yako kuamua. Tuite. Nikija nikakuta ni dawa tu, nitafurahi na kurudi nilikotoka. Hakuna atakayekugombeza kwa kutuita bure.

Ameamka analia maumivu. Naweza kumpa diklofenaki niliyonunua dukani?

Usimpe. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hudhoofisha kinga ileile ya tumbo ambayo ugonjwa umeshaidhoofisha. Nimechoka kuokota vikaratasi vya vidonge hivi chini ya mito. Mitishamba ya kwenye chupa ya soda nayo iache nyumbani. Akiumwa tuambie, zipo dawa za maumivu zisizochubua tumbo.

Kwa nini mnamlisha kwa mpira wa puani? Hamuoni anateseka?

Chakula kinachoingia tumboni mapema kinasaidia kulilinda. Kwa hiyo mpira ule usiuchomoe usiku kwa huruma. Wala usimimine uji mdomoni mwa mtu asiyejitambua, utaingia kwenye mapafu. Kuna wagonjwa tunaowapa pia dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, lakini si kila aliyelazwa anaihitaji. Kinga kubwa ni kuutibu ule ugonjwa uliomlaza.

Damu ikishaanza kuvuja, mnafanya nini?

Tunamtundikia maji, tunampa omeprazoli kwa mshipa, tunapima kundi lake la damu na kuagiza damu. Pakiwa na kifaa, daktari huingiza kamera kupitia mdomoni kutazama panapovuja na kuziba. Huku kwetu benki ya damu ya kanda iko Fort Portal. Gari liende, lirudi. Ikiwa yuko kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kilicho chini ya hospitali, anahitaji rufaa, na ambulensi nayo ina safari zake. Zihesabu hizo saa, kisha ongeza zile ulizokaa ukifua. Ndiyo maana nalirudia neno moja mpaka ndugu wananichoka: choo cheusi ni damu, tuonyeshe sasa hivi.

Usiku muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Nimsumbue?

Nisumbue. Ukinikuta namchoma mwingine sindano, usikae kwenye benchi kungoja zamu yako. Sema kwa sauti, "Sista, mgonjwa wangu ametoa choo cheusi," na uje na shuka lenyewe mkononi. Mtu mwingine abaki naye kitandani, amlaze ubavu kama anatapika, tena asimpe chochote kwa mdomo, hata maji, mpaka nifike.